Naomba ushauri: siku 6, watoto wawili na mama mzazi. Morogoro, Mikumi, Udzungwa, Dodoma na Zanzibar, itawezekana?

Baba Wawili

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo ya waliowahi kuzunguka na familia.

Nina siku 6 za likizo mwezi wa sita, shule zikifungwa. Tuko watano: mimi, mke wangu, binti wa miaka 9, mdogo wake wa miaka 4, na mama yangu mzazi mwenye miaka 68. Tunakaa Dar. Goti la kulia la mama linamsumbua, ngazi anapanda moja moja ameshika ukuta. Huyu mdogo naye hutapika kwenye gari. Bagamoyo tu hapo alitapika mara mbili.

Chanzo cha safari hii ni mama. Kwao ni Iringa, na tangu usichana wake amepita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa basi mara nyingi hata hazihesabiki. Lakini kila mara yuko siti ya katikati, au kasinzia, au kapakata mtoto. Watu wanapiga kelele "tembo, tembo!", wanainuka wote upande mmoja, yeye anabaki kuona migongo yao. Alinisimulia hayo mwaka jana huku anachambua mchele, wala hakuwa anaomba kitu. Tangu siku ile sijatulia.

Ratiba niliyopanga: siku ya kwanza treni ya SGR hadi Morogoro, tulale hapo. Ya pili Mikumi. Ya tatu Udzungwa tukaone maporomoko ya Sanje. Ya nne turudi Morogoro, tupande treni hadi Dodoma watoto wauone mji mkuu. Ya tano treni hadi Dar, tuunganishe na boti ya Zanzibar. Ya sita Mji Mkongwe, jioni tunarudi.

Mke wangu aliisoma mpaka mwisho, akaniuliza, "Mama atapumzika saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Nisaidieni nirekebishe wapi.

---

Dereva Mstaafu

Mdogo wangu, nimeendesha basi njia ya Iringa miaka 17, nakuambia kwa upendo: hiyo ratiba ni ya mtu mmoja mwenye begi la mgongoni. Umeandika vituo vitano, lakini hukuandika kufungasha, kusubiri gari, kutafuta chakula, kutafuta choo cha mtoto, kushusha mizigo na kuipandisha tena. Kwa watu watano, kila unapohama unapoteza nusu siku. Umehama mara sita. Hizo ni siku tatu zimekwenda.

Sasa nije kwa mama, maana ndiye mwenye safari. Barabara kuu inakatiza hifadhi kwa kama kilomita 50, na humo mwendo una kikomo, na ukigonga mnyama unalipa faini. Hata hivyo, kutoka dirishani mwa basi ni bahati tu. Kuna siku unakuta tembo wako kando ya lami wanakula majani, kuna siku unapita wiki nzima huoni hata swala. Mama akitaka kuwaona kwa kutulia, lazima mwingie ndani, upande wa uwanda wa Mkata, na muwe getini asubuhi linapofunguliwa. Jua likishapanda wanyama wanajificha vivulini, na mzee naye joto linamchosha. Mrudi mchana mlale, jioni mtoke tena.

Kwa hiyo Mikumi lala usiku mbili, si mmoja. Asubuhi ya kwanza ikiwa mbaya, bado una ya pili. Hicho tu ndicho ninachokusisitizia. Mengine yapunguze upendavyo.

---

Mwana wa Pwani

Zanzibar iondoe kabisa kwa mwezi wa sita. Nimezaliwa Unguja, sisemi kwa kuichukia. Mwezi wa sita upepo wa kusi umeshika, na mkondo wa Zanzibar unachafuka. Boti inakwenda kama saa mbili, lakini kwa mtoto anayetapika kwa safari ya Bagamoyo, saa mbili za mawimbi ya kusi ni mateso, na mama mwenye goti bovu hawezi kujishikilia boti ikiyumba. Njooni wakati wa kaskazi, Januari au Februari, bahari inakuwa tulivu zaidi. Halafu njooni kwa siku tatu angalau. Mji Mkongwe wa siku moja unaishia kwenye maduka.

---

Kijana wa Kihonda

Mkuu, mimi napingana kidogo na wazee hapo juu kuhusu Dodoma. SGR imefanya Dodoma kuwa jirani. Tangu Julai 2024 treni inafika huko, na watoto wataifurahia kuliko hata wanyama. Kutoka Kilosa kwenda mbele inaingia kwenye mahandaki, giza ghafla, mwanga ghafla, wangu walikuwa wanashangilia kila mara.

Ila kwa kuanzia Morogoro: stesheni ya SGR iko Kihonda, si katikati ya mji, na mabasi ya Mikumi yanapita stendi ya Msamvu. Msibebe mabegi matano mkadhani mtatembea. Bajaji na teksi ziko nje ya stesheni. Mkiwa watano, bora kodini gari dogo kutoka stesheni hadi Mikumi moja kwa moja, ni zaidi ya kilomita 100, mtasimama popote mtoto akichafukwa. Mpatane bei kabla ya kupakia mizigo.

---

Dereva Mstaafu

Kijana wa Kihonda, mahandaki nakubali ni mazuri. Lakini wakimaliza mahandaki wanafanya nini Dodoma na mzee aliyetoka kuzunguka porini siku mbili?

---

Mama Mapacha

Naomba niongee kama mama, maana wanaume mmeongelea barabara tu.

Huyo wa miaka 4: kwenye gari asikae nyuma kabisa, akae katikati ya kiti mahali anapoona mbele, na asipewe simu achezee. Kuangalia chini kwenye kioo cha simu huku gari linakwenda ndiko kunakochafua tumbo haraka. Kabla ya safari ale kitu kikavu kidogo, biskuti au mkate, si chai ya maziwa. Dawa ya kichefuchefu muulize mfamasia kwa umri na uzito wake, usimpe ya mkubwa umekata nusu.

Na mfuko wa kutapikia ufikirie mapema. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo usitegemee kuipata njiani. Mimi nabeba ndoo ya lita moja yenye mfuniko unaobana, iliyokuwa ya siagi, ndani naweka taulo ndogo yenye maji. Mtoto akitapika nafunika, hakuna harufu, tukisimama naimwaga na kuisuuza. Ndoo hiyo imezunguka na sisi mikoa minne.

Treni haitamsumbua, haina kona za ghafla wala breki za daladala. Nauli ya kawaida hadi Morogoro ni 13,000 kwa mkubwa, na watoto wa miaka 4 hadi 12 wanalipa nusu, kwa hiyo wako wote wawili ni nusu. Fikeni mapema sana, mizigo inapitishwa kwenye mashine, na treni haikusubiri.

Vitambulisho vyenu vya NIDA mkononi, na watoto nakala za vyeti vya kuzaliwa. Getini ada ya raia ni tofauti na ya mgeni, na ya mtoto ni tofauti na ya mkubwa, kwa hiyo ushahidi wa umri unarahisisha. Chini ya miaka 5 haingii kwenye hesabu, mdogo wako anapita bure. Malipo ni kwa namba ya malipo, kwa simu au benki. Weka hela kwenye simu kabla, usije ukasimama getini na noti mkononi.

---

Mtembezi wa Milima

Udzungwa naijua vizuri, naomba nikuokoe hapo. Maporomoko ya Sanje yana urefu wa mita 170 hivi, ni mazuri kweli, lakini kuyafikia ni kupanda. Njia ya mzunguko inachukua kama saa nne, kuna ngazi za udongo na mizizi inayoteleza. Mama mwenye goti asijaribu, hasa kushuka, maana kushuka ndiko kunakolimaliza goti. Na Udzungwa haina barabara za magari ndani, kwa hiyo huwezi kusema yeye atapanda gari nyinyi mtembee.

Lakini usiiache yote. Mang'ula, yaliko makao makuu ya hifadhi, ni kama kilomita 60 kutoka Mikumi mjini. Hapo kuna njia fupi ya Prince Bernhard, kama kilomita moja, inaishia kwenye maporomoko madogo. Watoto wataiweza vizuri. Mama atakaa karibu na geti chini ya miti, na kama ana subira ataona mbega wekundu wanarukaruka juu yake bila kutoka jasho. Mbega wale hawapatikani nchi nyingine yoyote. Mnakwenda asubuhi, mnarudi Mikumi jioni, mabegi yanabaki chumbani.

---

Muuguzi wa Zamu

Mchango mfupi. Mikumi na bonde la Kilombero, iliko Mang'ula, ni maeneo ya malaria, msiende mkidhani mwezi wa sita mbu wamekwisha kwa sababu mvua za masika zimekatika. Bebeni vyandarua vyenu. Mwaka juzi nililipia nyumba ya wageni nikiwa na mtoto, nikaambiwa chandarua kipo. Kilikuwepo, kina tundu ninaloweza kupitisha ngumi. Nilikishona saa nne usiku kwa uzi wa kuomba jikoni. Nisingependa yakukute.

Porini kuna mbung'o, na wanavutwa na rangi ya bluu iliyokoza na nyeusi. Vaeni kaki, kijivu, rangi ya udongo. Jinzi acheni nyumbani.

Mama kama anatumia dawa za presha au za goti, zikae kwenye mkoba wake wa mkononi, zisiende kwenye begi kubwa, na ziwe za kutosha safari nzima na siku tatu za ziada. Mkirudi, yeyote akipata homa ndani ya wiki kadhaa, kapimeni siku hiyohiyo na mseme mlikuwa wapi. Msianze na panado mkasubiri.

---

Baba Wawili

Wakuu, asanteni sana. Nimekaa na mke wangu jana usiku tumefuta na kuandika upya.

Siku ya 1: treni ya asubuhi, gari la kukodi kutoka Kihonda hadi Mikumi, kulala. Siku ya 2: hifadhini alfajiri, kurudi mchana, jioni tena. Siku ya 3: kupumzika asubuhi, na kama jana yake hatukuona tembo, tunarudi hifadhini. Siku ya 4: Mang'ula kwa siku moja. Siku ya 5: kurudi Morogoro taratibu na kulala hapo, watoto waone Uluguru kutoka chini. Siku ya 6: treni ya kurudi.

Usiku wote wa Mikumi chumba kimoja, mabegi hayahami. Dodoma na Zanzibar zimesubiri. Kijana wa Kihonda usinune, mwezi wa kumi na mbili nitawapandisha treni ya Dodoma kwa ajili ya mahandaki tu.

Nimemwambia mama asubuhi. Aliuliza tu kama gari litakuwa na dirisha linalofunguka.

---

Dereva Mstaafu

Hapo sawa. Dereva wa hifadhini mwambie mapema kwamba una mzee, asikimbize gari kufuata simba. Asimame na azime injini. Tembo ukizima injini na kunyamaza unawasikia wanavyong'oa nyasi.

---

Baba Wawili

Mrejesho, maana mlinisaidia nami nina deni.

Tumerudi juzi, wote wazima. Mdogo ametapika mara moja tu, kati ya Mikumi na Kidatu, na ndoo ya Mama Mapacha ilifanya kazi yake. Vyandarua tulitumia vyetu. Mang'ula mbega walikuwa wengi juu ya geti, binti yangu aliniuliza kwa nini tunaendelea na safari ya maporomoko wakati bibi ndiye anayeona vitu vizuri.

Tembo. Siku ya pili asubuhi hatukuona hata mmoja. Twiga, pundamilia, nyati kwa mbali, viboko bwawani. Mama akasema ni Mungu tu, inatosha. Jioni pia hola. Kama tungefuata ratiba yangu ya kwanza, tungeondoka hapo tukiwa hatujawaona.

Siku ya tatu dereva alipunguza mwendo kabla sisi hatujaona kitu. Akazima injini. Walikuwa wanane, na mmoja mdogo anatembea chini ya tumbo la mama yake, kama anaogopa jua. Upande wa mama yangu. Dirisha alikuwa amelifungua tangu getini. Hakuinuka, hakutuita. Aliweka mkono ukingoni mwa dirisha, akanyamaza kama dakika kumi hivi, na ni kweli tulisikia nyasi zikikatika. Mjukuu wake alitaka kupanda mapajani aone, kwa mara ya kwanza nikamwona mama anamzuia mtoto: "Subiri kidogo, bibi anaangalia."

Jioni alimpigia simu dada yake Iringa, wakaongea mpaka salio likaisha. Mengi yalikuwa ya Kihehe. Nilichokishika ni kwamba akija Dar mwezi wa nane asikubali siti ya katikati.