Msaada wa haraka: diski ya nje ya 3TB inataka niifomati, niweke NTFS au exFAT?

Kaka wa Tabata:
Wakuu habari za mchana, poleni na joto. Nina diski ya nje ya 3TB nimeichomeka kwenye kompyuta ya mezani hapa home, inaonekana ila nikibofya inasema ifomatiwe kwanza ndo nitumie. Swali langu dogo tu, mfumo wa kupanga faili niweke NTFS au exFAT? Kompyuta ni Windows 10 ila kuna siku naipeleka kwenye Mac ya mshikaji. Naomba majibu mapema maana leo usiku naihitaji na kichwa kimeshaanza kuuma. Natanguliza shukrani.

Babu Buguruni:
exFAT mkuu. NTFS kwenye Mac utasoma tu, kuandika inagoma mpaka uweke programu ya pembeni. Na asikudanganye mtu na FAT32, faili likifika 4GB halipiti.

Mwana wa Kurasini:
Napinga. exFAT umeme ukikatika katikati ya kuhamisha umeumia, NTFS angalau ina kumbukumbu ya mabadiliko inaweza kujinusuru. Mimi nilikuwa nahamisha mahubiri ya kanisani kwetu, nimefika mbali tu umeme ukaondoka, kuwasha folda nzima haifunguki, mchungaji alininunia mpaka pasaka na kwaya wakanitoa kwenye mitambo nikawa napanga viti. Nunua UPS kijana, ile betri ya akiba ya kompyuta.

Mgosi Mbagala:
3TB za nini dogo, si uoe tu 😂

Mama Swabra:
Vijana wa siku hizi mnarundika maisha yenu yote kwenye kidude kimoja, kikianguka mnalia. Kitu cha maana weka sehemu mbili tofauti, na ya pili isikae nyumba moja na ya kwanza. Wezi na mafuriko ya Jangwani hawachagui.

Fundi Msimbazi:
Subirini kwanza. Kaka wa Tabata, hiyo diski ina vitu ndani? Na huko nyuma ilikuwa inasoma?

Kaka wa Tabata:
Ilikuwa inasoma vizuri tu. Vitu vimo vya kawaida. Mi naomba mnijibu NTFS au exFAT.

Fundi Msimbazi:
Vya kawaida vipi? Diski tupu haimtoi mtu jasho hivi. Ukificha kwa fundi unajiumiza mwenyewe.

Kaka wa Tabata:
Haya. Mimi napiga video za shughuli. Ndani kuna send-off, kitchen party na harusi ya dada mmoja wa Mbezi, harusi bado sijaihariri na kadi za kamera nimeshazifuta. Familia wanakuja kesho kuangalia. Ila msinishambulie, kuna kijana Kariakoo ana programu ya kurudisha data, kaniambia nifomati kwanza halafu yeye anazivuta, na nimeshampa nusu ya hela. Kwa hiyo kufomati nitafomati, nataka tu kujua ipi inarudisha vizuri.

Mama Swabra:
Umefuta kadi kabla ya kuwakabidhi wenyewe kazi yao? Mwanangu, hiyo ni amana ya watu.

Kaka wa Tabata:
Mama, kadi ni ghali na kesho yake nilikuwa na shughuli nyingine Kigamboni. Kila mpiga video mjini hapa anafanya hivyo.

Fundi Msimbazi:
Usifomati. Narudia USIFOMATI. Ilianza lini kugoma?

Kaka wa Tabata:
Tulipohama adapta yake ilipotea kwenye mizigo, nikatumia ya laptopu, kichwa kiliingia freshi kabisa. Kikatoka kiharufu, taa ikazima. Nikafungua kasha nikatoa diski yenyewe, nikaipachika kwenye doki ya zamani ya jamaa yangu, kile kifaa cha kuchomekea diski isiyo na kasha. Inazunguka vizuri tu haigongigongi, ila cha ajabu Windows inaonyesha 746GB. Hapo ndo nikahisi labda niliuziwa feki toka mwanzo.

Mgosi Mbagala:
Adapta ya laptopu ni volti 19, lile kasha linataka 12. Umelichoma kasha la watu 🙆

Mjuvi wa Sinza:
Wakuu hii ni chai. ID imefunguliwa juzi, uzi wa kwanza, harusi ya Mbezi, kijana wa Kariakoo, mara 3TB imekuwa 746. Subirini mtaona mtu anatokea "kuna kijana anarudisha data nitafute PM". Tangazo hili.

Mwana wa Kurasini:
Hata mimi nimeanza kunusa kitu. Mods angalieni.

Babu Buguruni:
Kumbe nimepoteza bando langu kumjibu muuza programu.

Kaka wa Tabata:
Naapa siuzi kitu. Nimefungua ID mpya kwa sababu wateja wangu wengine wamo humu humu.

Fundi Msimbazi:
Mjuvi, hiyo 746 ndiyo inanifanya nimwamini. Doki nyingi za zamani zinahesabu sekta, yaani vipande vidogo vya diski, kwa namba ya biti 32, kila sekta baiti 512, mwisho wake ni kama 2.2TB. Diski ikizidi hapo hesabu inarudi sifuri na kuanza upya, kama kilomita za gari kuukuu. Toa hizo kwenye 3TB, inabaki kama 800GB, na Windows kwa kuwa inahesabu kwa 1024 badala ya 1000 inakisoma 746GB. Mtu wa kutunga angeandika 500 au 1000.

Sasa Kaka, chomoa hiyo doki kabisa. Ukifomati humo doki inaweza kuandika juu ya video zako mahali ambapo hata haikutakiwa kufika. Zima kompyuta, fungua ubavu, chomeka diski moja kwa moja kwenye SATA ya bodi, ile tundu ya diski za ndani, washa. Inatakiwa isome karibu 2794GB. Ukiulizwa kufomati bofya hapana.

Kaka wa Tabata:
Dah. Imesoma 2794! Ila bado inataka kufomati.

Fundi Msimbazi:
Nilitegemea. Makasha mengine yanaigawa diski kwa sekta za 4096, ukiitoa nje mpangilio haueleweki ingawa data zipo. Mengine yanasimba data kwa chipu yake hata kama hukuweka neno la siri, hayo bila bodi ya kasha hupati kitu. Tafuta diski nyingine ya 3TB au zaidi, nakili yote sekta kwa sekta, halafu jaribu TestDisk kwenye nakala, ni programu ya bure ya kurudisha mpangilio wa diski. Asili usiiguse tena.

Mjuvi wa Sinza:
Basi weka picha ya bodi ya kasha tusome namba ya chipu. Kama ni kweli nakuomba radhi, na nina mtu Ubungo ana makasha ya zamani.

Kaka wa Tabata:
Bodi ninayo... yaani kasha nililiacha kwa yule kijana, alisema halina kazi atanisaidia kulitupa.

Fundi Msimbazi:
Familia wapigie waambie kesho haiwezekani. Halafu panda boda sasa hivi kalifuate kabla hajafunga duka, na nusu ya hela umwachie kama atakusumbua.

Kaka wa Tabata:
Simu yake inaita tu. Natoka.