Nimeacha ugali na wali sababu ya sukari, usingizi umekata. Nivumilie, nirudishe wanga kidogo usiku au nianze upya taratibu?

MwanaTemeke
Wakuu salama? Nina sukari aina ya pili, natumia metformin na glibenclamide, zote asubuhi na jioni. Nimeamua kuacha wanga kabisa, ugali wali chapati viazi ndizi vyote nje, nakula mayai, samaki, mchicha, matembele, parachichi na karanga. Sukari ya asubuhi imeshuka, ilikuwa inacheza kwenye 12 au 13 (mmol/L, kipimo cha mashine) sa hivi naona 6 na kitu, hapo sina malalamiko. Shida usiku. Nalala saa nne vizuri tu, ikifika saa nane macho makavu, moyo unadunda, siku nyingine shuka limelowa jasho na misuli ya miguu inakaza mpaka napiga kelele. Mume wangu anasema rudi kwenye ugali yaishe. Shoga yangu anasema vumilia mwili unazoea. Wifi yangu yeye anataka nile kiazi kitamu kimoja kila usiku, na kuna mwingine kaniambia nilikosea mwendo, ilibidi nipunguze polepole. Nani kapita njia ipi hapa na usingizi wake ulikuwaje?

Pwani254
Pole dada. Mimi nilikata zote mara moja, mahamri, wali wa nazi, mkate wa mofa, vyote. Wiki za mwanzo usingizi ulikuwa wa kubahatisha, nikigeuka huku na kule mpaka adhana ya alfajiri. Halafu ukarudi na ukawa mzuri kuliko zamani, na sababu yake si uchawi, zamani niliamka kukojoa kila saa. Sukari ikipita 10 hivi kwenye damu figo huanza kuimwaga kwa mkojo na maji huifuata, ndio maana mtu hushinda chooni na kiu haiishi. Ikishuka chini ya hapo kibofu kinakuachia ulale. Kwa hivyo kura yangu ni uvumilie.

MzeeWaKahawa
Mimi siungi mkono hiyo ya kukata ghafla, vijana mna haraka sana. Nilianza kwa kupunguza ugali nusu, mboga nikaongeza mara mbili, baadaye nikaacha chapati, baadaye soda, wali nikauacha mwisho kabisa maana ndio ugonjwa wangu. Usingizi haukuguswa. Ila niseme ukweli, sukari nayo ilishuka kwa mwendo wa kinyonga, na mtu mwenye 13 asubuhi sijui kama ana muda wa kunisubiri mimi. Na tafadhali msije na hadithi ya dona hapa, dona ina nyuzinyuzi zaidi ya sembe sawa, lakini bonge la ugali wa dona bado ni bonge la wanga, pima saa mbili baada ya kula utaona mwenyewe.

nesi_wa_zamu
Dada MwanaTemeke subiri kidogo kabla ya kuchagua njia yoyote. Jasho la kulowesha shuka pamoja na moyo kudunda kwa mtu anayekunywa glibenclamide (hii wengi mnaijua kama Daonil), hiyo usiite mwili unazoea mpaka umepima. Hiyo dawa inalisukuma kongosho litoe insulini hata kama hujala wanga, na inakaa mwilini karibu siku nzima. Dozi yako ilipangwa wakati unakula ugali, sasa ugali umeondoka dozi imebaki palepale, usiku sukari inaenda wapi? Inashuka, mwili unamwaga adrenalini kujiokoa, ndio huo moyo na hilo jasho. Wengine wanaota ndoto mbaya, wengine wanaamka asubuhi kichwa kinagonga.

Leo usiku ukiamka hivyo usigeukie upande wa pili. Washa taa, pima. Ikiwa chini ya 3.9 koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji unywe, au nusu glasi ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari, kaa robo saa pima tena, bado iko chini rudia. Karanga na parachichi hapo hazisaidii, mafuta yanachelewa. Na mwambie baba watoto ikitokea umechanganyikiwa au humwitikii asikumiminie kitu mdomoni, akupeleke hospitali hiyohiyo saa. Kesho nenda kliniki uwaambie umebadili chakula, dozi ipangwe upya. Metformin peke yake ni nadra kushusha sukari kiasi hicho kwa hiyo usije ukaiacha kwa hofu.

Pwani254
Hapo nesi nakubali, mimi ni wa metformin tu, sikulifikiria hilo. Basi kuvumilia ni kwa sisi ambao dawa zetu hazishushi sukari kupita kiasi.

Binti_Dodoma
Kwa upande wa wanga kidogo usiku, mama yangu anachoma insulini na hiyo ndiyo njia yetu. Anakula kipande cha kiazi kitamu na maharage saa moja jioni, analala, na usiku habahatishi. Tulipojaribu kumnyima kabisa alikuwa anaamka kama MwanaTemeke anavyosema. Kwa hiyo mimi nasema wifi yako hajakosea sana.

nesi_wa_zamu
Binti kwa mama yako sawa, kama ndivyo mlivyopangiwa na daktari wake. Lakini kula kiazi kila usiku ili kuilisha dawa iliyozidi ni kazi ya kuzunguka, kwa dada hapa kitu cha kwanza kuguswa ni kidonge cha glibenclamide cha jioni.

Muscat_Mzanzibari
Mimi niko Muscat, natumia dapagliflozin na metformin. Nimeacha wali, na hapa kuacha wali ni mtihani mkubwa jamani kila mwaliko sinia. Usingizi umepungua lakini sukari haishuki chini. Na mimi nivumilie?

nesi_wa_zamu
Wewe kaka yangu hatari yako ni nyingine. Dawa za kundi hilo zinatoa sukari kwa mkojo, ukiongeza na kuacha wanga kabisa damu inaweza kujaa asidi ya ketoni (inayotokea mwili ukichoma mafuta badala ya sukari) huku mashine inasoma sukari karibu ya kawaida, mtu akaona mambo shwari. Ukianza kutapika, tumbo kuuma, kuhema haraka, nenda hospitali utaje jina la dawa. Na hata kabla ya hapo ongea na daktari wako, usikate wanga wote na hiyo dawa bila yeye kujua.

MzeeWaKahawa
Kuna kitu hakijasemwa. Sisi watu wa huku tunakula saa tatu usiku na saa nne tuko kitandani, na ukiacha wanga unakula nyama na mafuta mengi, tumbo linafanya kazi mpaka usiku wa manane. Halafu njaa tunaizima kwa chai ya rangi na kahawa. Mimi nilihamisha chakula cha jioni saa kumi na mbili na nusu, kahawa mwisho saa nane mchana. Jina langu lisikudanganye dada.

MwanaTemeke
Nimerudi na majibu. Niliamka saa tisa, nikapima, 3.2. Nikanywa sukari kama nesi alivyosema, mikono inatetemeka hata kijiko sikishiki vizuri, robo saa baadaye 5.1 nikalala kama sijaamka. Kliniki wameondoa kile kidonge cha jioni, cha asubuhi wamepunguza, wanataka nipime kabla ya kulala na alfajiri niwapelekee daftari. Tangu hapo jasho hakuna. Asubuhi nasoma 7 na kitu, imepanda kidogo lakini nimeambiwa nisiikimbilie. Kwa hiyo ugali haurudi, mume wangu kanuna. Kilichobaki ni miguu kukaza na naamka mara moja kukojoa. Kuna jirani anasema niweke chumvi nyingi kwenye supu.

Pwani254
Hiyo ya chumvi mimi ilinifaa. Ukiacha wanga insulini inapungua mwilini, figo zinamwaga chumvi na maji, ndio misuli hukaza na kichwa huwa chepesi ukisimama. Supu ya samaki jioni na maji ya kutosha mchana, si usiku, ilinitosha.

nesi_wa_zamu
Sababu umeeleza vizuri ila usimpe dozi ya chumvi mtu hujui presha yake. MwanaTemeke unatumia dawa ya presha? Kama ni zile za kukojoza nazo zinatoa chumvi na potasiamu, hapo daftari lako la kliniki lina la kuongeza. Pima presha kwanza, ukiwa umekaa na ukishasimama, ulete namba tuone.