Kipupwe Njombe: kazi gani ndogo za mikono zinafaa jioni kando ya moto?

Kuni_Mbichi aliuliza:

Wakuu, habari za jioni.

Baridi ndiyo hiyo imeingia. Huku Njombe, Juni hadi Agosti, jua likizama watu hawabanduki motoni mpaka saa ya kulala. Sebuleni kuna jiko la kuni lenye bomba la moshi, na kati ya saa 1 na saa 3 usiku mikono iko bure. Natafuta kazi ndogo za kutuliza akili, si za kuingiza hela. Mwanga ni wa moto pamoja na taa moja ya sola. Kazi iweze kukatishwa wakati wowote bila kuharibika, na isiache takataka sebule nzima.

Waliopo ni watu wazima wawili, mama mkwe ambaye macho yamepungua nguvu, na watoto wa miaka 12 na 9. Naomba vipimo na makosa ya kukwepa. "Jaribu kusuka" peke yake haitanisaidia.

Gunzi alijibu:

Mkuu, anza na kilichopo ndani: mahindi. Kuchagua na kupukuchua mbegu kunafanywa na nyumba nzima, na vidole vinatosha.

Mchana chagua magunzi yaliyonyooka mistari, yaliyojaa mpaka nchani, yasiyo na ukungu wala tundu la mdudu. Usiku vunja mistari miwili ya kwanza kwa mpini wa kijiko, halafu sugua kwa gunzi tupu; punje zinamwagika zenyewe. Acha sm 3 hivi kila ncha. Punje za nchani ni ndogo na za kitakoni ni za mviringo, hizo ziende kwenye chakula. Za katikati ndizo mbegu, kwa sababu zinalingana ukubwa na shimoni zinaota kwa mwendo mmoja. Ekari moja inataka kama kilo 10.

Hii ni kwa mbegu za asili au zile zinazorudiwa. Mahindi chotara usiyarudie: kizazi cha pili kinatawanyika, mmoja mrefu, mmoja mfupi, na mavuno yanashuka.

Kabla ya kufunga kwenye chombo, pima unyevu. Kaanga chumvi kidogo ikauke, iache ipoe. Chukua chupa ya kioo, kavu kabisa, ya ml 750, jaza mahindi theluthi moja, weka vijiko viwili au vitatu vikubwa vya chumvi, tikisa kwa nguvu dakika moja, iache itulie dakika 15. Chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi yatavunda. Ikiteremka yote, yanafaa kuhifadhiwa kama nafaka. Kwa mbegu ongeza siku kadhaa za jua mpaka punje ikiumwa ivunjike kwa mlio, isibonyee.

Kosa kubwa la msimu wa moto ni kukausha mbegu juu ya jiko. Joto likipita nyuzi 40 hivi, kiini kinaanza kufa, na kwa macho hutajua mpaka ufike shambani.

Sindano Nne alijibu:

Nyongeza kwa upande wa kufuma: kofia ya baridi. Ni kipande kimoja, mtu akiacha katikati hakuna kinachoharibika.

Uzi gramu 100 wa unene wa kati, sindano mbili za mm 4. Kwanza fuma mraba wa majaribio: vitanzi 22 vikikupa sm 10, mkono wako ni wa kawaida. Vikitoa sm 9, unabana. Panda sindano ya mm 4.5. Watu huruka hatua hii kisha wanapata kofia ya mtoto.

Anzisha vitanzi 110 kwa kichwa cha mtu mzima. Kimoja kila pembeni ni cha mshono, 108 vya katikati ni mbili za mbele, mbili za nyuma, mpaka mwisho. Ukigeuza, fuata unachokiona: kilichotokeza kifume mbele, kilichozama kifume nyuma. Hapo ndipo raha ya kufuma usiku ilipo, kwa sababu mistari hiyo inasomeka kwa kidole gumba hata taa ikizimika. Ukifika sm 20, fuma viwili viwili kwa pamoja safu nzima, vibaki 55. Safu moja ya kawaida. Rudia viwili viwili, vibaki 28. Kata uzi wa sm 60, upitishe kwenye vitanzi vyote kwa sindano ya gunia, vuta, kisha shona ubavu kwa uzi huohuo.

Kuanzisha vitanzi fanya mchana. Ukihesabu vibaya hapo kofia nzima inapinda. Na uzi mweusi uache kabisa usiku. Kitanzi kikidondoka hukioni mpaka kimeshuka safu kumi. Kikidondoka, usifumue: kiokote kwa kulabu, kipandishe ngazi kwa ngazi.

Nyuzi nyingi za madukani ni za plastiki. Cheche ikirukia inayeyuka na kugandia ngozini. Sufu halisi huungua kidogo na kujizima. Kaa mita moja na nusu kutoka kwenye jiko, donge la uzi liwe kwenye kikapu, siyo sakafuni.

Mwiko wa Mpera alijibu:

Kwa mikono ya watu wazima hakuna kinachozidi kuchonga mwiko. Lakini gawa kazi: ya shoka mchana nje, ya kisu usiku ndani.

Mti uwe mbichi. Mbichi unakatika kama jibini, mkavu unakula makali. Mpera, mparachichi, mtufaha na mpeasi vyote vinafaa, na kwenu vinapogolewa kila mwaka. Muwati ni mgumu na una tanini nyingi, ile dawa ya kusindika ngozi za wanyama. Ukikutana na chuma wakati umelowa unaacha madoa meusi ya buluu. Mnyaa usiuguse kwa chombo cha chakula, maziwa yake yanaunguza macho.

Pasua gogo katikati, na kiini cha katikati kiondoe chote. Nyufa nyingi za mwiko zinaanzia hapo, kwa sababu mti unasinyaa zaidi kuzunguka kuliko kuelekea ndani. Kipande kiwe sm 35 kwa 6, unene sm 3. Chora umbo kwa mkaa, punguza kwa shoka mpaka ibaki nusu sentimita nje ya mstari.

Usiku, kaa viwiko vikiegemea magoti, kisu kikikata mbele ya magoti, kamwe si katikati ya mapaja. Mshipa mkubwa wa damu uko hapo. Anzia palipo panene kuelekea pembamba, ukifuata nyuzi za mti. Zikianza kuinuka kama manyoya, geuza mwiko ukate kutoka upande wa pili.

Bakuli la mwiko, kama huna kisu kilichopinda, moto ulionao unakufanyia kazi. Weka kaa moja jekundu kwa koleo, lishikilie kwa kijiti, puliza taratibu kupitia mrija wa bua. Baada ya dakika mbili tatu ondoa, kwangua majivu na weusi, weka lingine. Paka kingo maji kila mara zisiungue. Simama kwenye kina cha sm 1. Ukiwa na haraka, ukaweka makaa matatu kwa mpigo, utasikia mlio mmoja tu na bakuli limepasuka.

Kosa la pili la moto: kuegesha mwiko kando ya jiko ukauke upesi. Nje kunasinyaa ndani kungali kumelowa, unachanika. Ufukie kwenye mabaki yake ya kuchongea, ndani ya mfuko wa karatasi, mbali na jiko, wiki mbili hivi. Kama una mizani ndogo ya jikoni, upime; uzito ukigoma kushuka siku tatu, umekauka. Hapo msasa wa 120, kisha wa 240. Lowanisha kidogo, manyoya yatainuka, pitisha 240 tena. Kazi hii ya msasa mpe wa miaka 12.

Mafuta ya alizeti peke yake hukauka polepole na yakizidi yananata. Changanya nta ya nyuki sehemu 1 na mafuta sehemu 4, ukiyeyusha kwenye bakuli lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta moja kwa moja juu ya moto huwaka. Paka, acha nusu saa, futa yote yanayobaki juu.

Kuni_Mbichi:

Asanteni sana, hasa hapo kwenye kaa. Mama mkwe je? Kufuma anasema kunamuumiza macho, na mahindi anayachukulia kama kazi ya shamba, siyo mapumziko.

Katani alijibu:

Msalimie mama, shikamoo yake. Mpe kamba. Kusokota hakuhitaji macho kabisa.

Katani, au nyuzi za maganda makavu ya mgomba. Lowanisha dakika 10, kung'uta, zifunge kwenye kitambaa kibichi, maana karibu na moto zinakauka na kuanza kujifungua na kuchoma vidole. Toa fungu la unene wa njiti ya kiberiti, likunje, lakini si katikati: upande mmoja uwe mrefu kwa sm 20. Zikilingana, zitaisha pamoja, na kiungo kitakatikia hapohapo. Shika mkunjo kwa mkono wa kushoto. Uzi wa juu usokote kwenda mbele, kisha uvute kuja kwako uupitishe juu ya mwenzake. Wa chini sasa umekuwa wa juu, rudia. Misokoto miwili inayopingana ndiyo inayoifunga kamba isifumuke. Ukibaki na sm 10 za uzi, ongeza mpya, isokote pamoja nao, mikia ya ziada ikatwe siku ya pili.

Mbovu utaijua kwa kidole: inapolegea mbonyeo unakuwa laini, inapokaza sana inajiviringa kama chemchemi.

Wa miaka 9 mpe karanga. Achague kwanza: zilizosinyaa, zenye ukungu au rangi iliyobadilika zitupwe, kuku nao wasipewe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kukaanga. Kilo 1 ya karanga, kilo 2 za mchanga safi mkavu uliochekechwa. Mkubwa apashe mchanga kwenye sufuria, amimine karanga, akoroge bila kuacha dakika 12 hadi 15. Ziondolewe rangi ikiwa bado ya kahawia hafifu, kwa kuwa zinaendelea kuiva zikiwa nje ya moto. Ukingoja mpaka zipendeze sufuriani, mezani zitakuwa chungu.

Dohani alijibu:

Neno moja kwa wasomaji wasio na bomba la moshi. Msiingize jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Mkaa usiotoa moshi tena ndio unaodanganya watu: hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Kichwa kikianza kuuma kwa watu wawili chumba kimoja, au mtu akilegea na kutapika, tokeni nje wote, kisha mkatafute daktari. Dirisha la kila upande liwe wazi kwa upana wa kiganja, na jiko litoke kabla ya kulala, hata makaa yakionekana yamekufa.

Kwenye jiko la kuni, chomeni muwati uliopasuliwa na kukaushwa miezi sita au zaidi. Paini ina utomvu, inarusha cheche na kupaka bomba masizi. Iwe ya kuwashia tu. Na mabaki ya kuchonga yasirundikwe mbele ya jiko. Yanawaka haraka sana.

Gunzi:

Magunzi matupu pia mkuu, usiyatupe. Kumi makavu yanawasha jiko kesho asubuhi.