Siena au San Gimignano? Picha za ukutani, siku moja kutoka Florence

kijana_wa_Pangani: Wakuu habari. Mimi na mama watoto tuko Florence, Italia, tuna siku moja tu ya kutoka, tunataka zile picha za zama za kati zilizochorwa ukutani kwenye jumba la serikali ya mji. Siena au San Gimignano? Yeye hapendi foleni, mimi napenda minara.

mamaNaima: Siena, hamna mjadala. Chumba walichokuwa wanakaa wale Tisa waliotawala mji, Ambrogio Lorenzetti aliwachorea utawala bora na utawala mbovu 1338–39, yaani wako kikaoni huku dhalimu mwenye pembe anawakodolea macho na Haki (kachorwa kama mwanamke) kafungwa kamba chini yake. Ukuta mwingine mji umechangamka, watu wanacheza ngoma barabarani, mafundi wako juu wanajenga, na Amani kajilaza na gauni jeupe, mto anaoegemea uko juu ya deraya 😂 Halmashauri zetu zingechorewa hiyo.

tozo_mpya: @mamaNaima ila sema ukweli, upande wa utawala mbovu plasta imebanduka vibaya. Na cheki tovuti ya makumbusho kwanza, chumba hicho kimekuwa na ukarabati miaka hii.

Shangazi_Treni: Mi San Gimignano. Sawa, Bikira Maria wa mchoraji Lippo Memmi (1317) kaigwa wazi kabisa kutoka kwa yule wa Simone Martini aliyeko Siena (1315), na Simone baadaye akawa shemeji yake lol. Lakini panda juu mnarani, kile chumba kidogo cha Podestà (mkuu wa mji wa enzi hizo) alichokichora babake Lippo: mke na mume wanaoga kwenye pipa moja, halafu jamaa anapanda kitandani, mke kampa mgongo, kijakazi anavuta pazia. Utawala bora sijui nini, mi nilibaki hapo.

kijana_wa_Pangani: 😂😂 mama watoto kashaamua. Usafiri?

tozo_mpya: San Gimignano haina treni, unapitia Poggibonsi unadaka basi. Siena basi la moja kwa moja linakushusha karibu na katikati, treni inakuacha bondeni.

Shangazi_Treni: Na mnara wa Siena ngazi kama 400, nyembamba, tiketi mbali. Huku ni 218 tu na tiketi ni ileile ya picha.

mamaNaima: Haya nendeni mkaangalie watu wanaoga.