Tupeane uzoefu: wewe uliyelelewa na mama mwalimu wa kwaya

Kitindamimba, Marangu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mwezi huu mama yangu anatimiza mwaka tangu atutoke. Nimekaa na madaftari yake 11 mezani na sijui nianzie wapi, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Mama alifundisha kwaya ya usharika wetu wa KKKT, sisi Walutheri, miaka 31. Cheti cha muziki hakuwa nacho. Nota alifundishwa na mwinjilisti akiwa msichana, nasi tukazikuta nyumbani kama tulivyokuta chumvi. Akimenya ndizi za mtori alikuwa anaimba besi, sauti ambayo wala si yake, ili asikie kama itagongana na sauti ya tatu, ile tunayoiita tena. Watoto tulikuwa kwaya yake ya majaribio: dada sauti ya kwanza, mimi ya pili, kaka ya tatu. Ukikosea hakwambii umekosea. Anasimamisha kisu, anangoja. Tunarudia. Kisu kikianza tena kumenya, ujue umepata.

Mazoezi yalikuwa Alhamisi na Jumamosi saa kumi jioni. Masika njia ya kwetu ikiwa tope tupu, alivua viatu akaenda navyo mkononi. Baba akimwambia leo haji mtu, alijibu, "Akija mmoja nitamfundisha huyo mmoja." Sare za kwanza za kwaya walizipata kwa mnada wa baada ya ibada: mikungu ya ndizi, mayai, jogoo wa mama mwenyewe.

Nina jambo nililokaa nalo muda mrefu. Siku ya kipaimara changu niligeuza shingo nimtafute mama, nikaona mgongo wake. Alikuwa mbele ya kwaya anaongoza. Niliumia sana, nikaona hata siku yangu ameipa kwaya. Nimeshakuwa mtu mzima ndipo akaniambia aliomba kuongoza siku ile kwa sababu angekaa na wazazi wengine angelia mpaka aniaibishe.

Wenzangu, mama zenu walifundishaje? Na madaftari yao mmeyafanyia nini?

Mama Wawili, Bukoba

Tumsifu Yesu Kristo. Pole sana ndugu yangu, umenigusa pabaya.

Wangu alifundisha kwaya ya kigango. Mimi nililelewa mgongoni mwake, amenifunga kwa kanga huku mkono wa kulia unapiga mapigo. Shangazi husema nilikuwa mtoto wa kulia, ila mama akianza kuimba nalala. Naamini sauti yake niliijua kwa shavu kabla ya kuijua kwa sikio, maana mtu wa alto akiimba mgongo wote unanguruma.

Tarehe 22 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia somo wa wanakwaya, kwetu ilikuwa Krismasi ya kwanza. Na ndio msimu wa senene! Wanakwaya wote walikula kwetu, senene wanakaangwa, nyimbo zinaendelea mpaka usiku.

Lakini ninachotaka kuwaambia ni cha Kwaresma. Mnajua Kwaresma nzima Aleluya haiimbwi. Sasa ya Pasaka mtaijifunzaje kabla ya mkesha? Mama aliifundisha kwa nota tupu, so, la, so, wiki baada ya wiki, na neno lenyewe hakuruhusu mtu alitamke hata akiwa peke yake kisimani. Usiku wa mkesha ndipo kwaya inalitia neno kwenye sauti kwa mara ya kwanza. Nimesimama kwenye kwaya nyingi tangu hapo, na sijasikia tena Aleluya ya namna ile, ya watu walioibana kooni siku 40. Sasa ninafundisha mimi, na ninafanya hivyohivyo.

Mpiga Kinanda, Wundanyi

Mama yetu alifundisha shule siku za kazi na kwaya ya kanisa wikendi, sisi Waanglikana wa Taita. Kinanda kilikuwa kile cha kukanyaga, na miguu yangu ilipofika tu kwenye pedali akanikalisha. Alisema mpiga kinanda mzuri ni yule anayepumua pamoja na waimbaji. Akanifundisha kwa kuniwekea mkono begani: akivuta pumzi, nami navuta. Mpaka leo nikipiga huhisi mkono ule.

Madaftari? Tuliyagawana. Najuta. Yangekaa pamoja yote.

Dada Mkubwa, Morogoro

Naomba niseme na upande mwingine, kwa mapenzi yote. Mama alipougua, kwaya ilipata mwalimu mpya na kinanda cha umeme, na nyimbo za mama zikaachwa ndani ya miezi michache. Hakuna aliyekuja kumwambia. Alisikia mwenyewe kitandani, maana nyumba iko karibu na kanisa. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyelia. Wapendwa, mwalimu wa kwaya akiacha kuja, nendeni mkamwimbie kwake.

Mwalimu wa Nota, Dodoma

Dada Mkubwa, pole. Nakuelewa kabisa.

Kitindamimba, kuhusu madaftari nina la kusema. Najua yameandikwa d, r, m, f, s, l, t. Nota hizi za herufi chanzo chake ni mwanamke, Sarah Glover wa Norwich kule Uingereza, aliyekuwa akifundisha watoto kuimba. John Curwen akaziendeleza katika karne ya 19, na wamisionari wakaja nazo Afrika. Hazihitaji karatasi ya mistari mitano. Penseli na daftari la shule vinatosha, na ndiyo maana mama zetu waliweza kutunga na kupanga sauti nne mezani jikoni.

Piga picha kila ukurasa mchana, karibu na dirisha. Angalia vialama vidogo, vile vinavyoonyesha nota ya juu au ya chini, maana penseli hufutika hapo kwanza. Nukta mbili ni mpaka wa pigo, kistari ni kuivuta sauti. Kisha tafuta mistari iliyo wazi. Walimu wengi wa zamani hawakuandika sauti iliyokuwa inajulikana. Hiyo iko kwa watu, na watu wanazeeka.

Mtoto wa Goma

Mungu awabariki wote. Tarehe 17 Januari 2002 volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka na moto kuingia mjini, tulikimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda, kwa miguu. Mama alibeba mdogo wetu, sufuria moja na mfuko wa nyimbo za korali, yaani kwaya yake.

Usiku tulilala nje, watu wengi, hakuna anayemwona mwenzake. Mama alianza kuimba polepole ili mtoto anyamaze. Sauti ya tena ikajibu kutoka mbali. Kisha mwanamke mmoja akaingia na sauti ya kwanza. Mama hakuacha wimbo, aliurudia na kuurudia, na kila sauti iliyoingia aliikunjia kidole. Kulipokucha alikuwa anajua wanakorali tisa wako hai na wamelala upande gani.

Tuliporudi, mahali pa mazoezi palikuwa jiwe jeusi. Walifanya mazoezi Jumamosi hiyohiyo, wamesimama kando ya barabara.

Kitindamimba, Marangu

Wapendwa, nimewasoma wote, nimelia, nimefanya kazi. Mwalimu wa Nota, ulisema kweli. Daftari la nne lina wimbo wa mazishi aliotunga mama mwenyewe. Sauti tatu zipo. Penye besi ameandika maneno mawili: "Wanaijua wenyewe."

Leo asubuhi nikampigia mzee aliyeimba besi yake zaidi ya miaka 20, siku hizi anaishi Arusha kwa binti yake. Nilipomweleza alikaa kimya kidogo, akasema, "Nipe do." Nikampa. Akaimba beti lote, mimi naandika. Kwenye mstari wa tatu akanyamaza. Nikadhani amesahau, nikaanza kumsaidia, akanikatiza: "Hapo besi inakaa kimya mapigo manne. Mama yako alitaka tuwasikilize wengine."

Nimeyaandika mapigo hayo manne, kwa penseli kama yeye. Nimeuliza pia kama bado kuna aliyebaki wa tena ile ya zamani, amenitajia mmoja yuko Rombo. Kesho nampigia.