Tupeane uzoefu: mtoto mwenye mahitaji maalum akifiwa, ulimsaidiaje?

Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana miaka 9, ana usonji, anaongea maneno machache sana. Baba yake alifariki miezi 5 iliyopita na siku ile mimi nikamwambia baba amelala. Jamani hawa watoto neno wanalichukua kama lilivyo. Kuanzia hapo usiku ukawa vita, hataki kulala, na mimi nikisinzia tu kwenye kochi anakuja kunifumbua macho na vidole huku analia, wiki mbili nzima ndo nikaja kuelewa nimemtisha mwenyewe. Nikakaa naye nikamwambia baba amekufa, moyo wake umesimama, hapumui, hasikii maumivu, harudi tena. Ilibidi nirudie siku nyingi, ila macho akaacha kunifumbua. Sasa kinachonisumbua, jioni saa ile baba yake alikuwa anarudi lazima akasimame mlangoni. Nyie mlifanyaje?

Mama Pacha: Pole sana mamaangu. Kwetu ilikuwa "bibi ametutangulia", binti yangu akaenda kuvaa viatu anasema twende tumfuate. Ana ulemavu wa akili, miaka 14. Msibani alikuwa anacheka cheka watu wakasema huyu haelewi kitu mwacheni acheze. Miezi mitatu mbele akaanza kukojoa kitandani, nguo alizokuwa anavaa mwenyewe hataki, shule wananiambia amekuwa mkorofi. Kumbe ndo huzuni imefika, kwake ilichelewa tu. Kilichomtuliza ni blauzi ya bibi, analala nayo. Naomba msifue nguo za marehemu haraka, dada yangu aliifua kwa nia njema mtoto akashinda analia, harufu imeondoka.

Ticha wa elimu maalum: Mzazi tuambie siku ile ile, usisubiri msiba uishe, maana mtoto akianza kujigonga kichwa na mimi sijui kilichotokea nitamsoma vibaya. Nilikuwa na kijana akiuliza "mama yuko wapi" hata mara 20 kwa siku. Tulikubaliana na nyumbani jibu liwe moja, maneno yale yale, "mama amekufa, harudi, leo shangazi atakuchukua." Ukibadilisha maneno anaona kama ni habari nyingine anaanza upya. Na ratiba yake ya picha, zile picha zilizopangwa kumwonyesha kinachofuata, usiivuruge, kula, kuoga, kulala vibaki saa zile zile, nyumba imeshabadilika vya kutosha. Mama wa usonji, hiyo saa ya mlangoni usimfukuze. Iweke kwenye ratiba, picha ya baba, aiangalie kidogo, halafu picha ya kitu kinachofuata.

Kaka mtu: Mimi mdogo wangu ni kiziwi. Baba alipofariki nyumba ilijaa watu na hakuna hata mmoja aliyemwambia kwa ishara, nilikuwa na miaka 12 nikadhani wakubwa wameshamwambia. Alijua makaburini, alipoona sanduku linashushwa. Sasa hivi ni mtu mzima na bado ananiuliza kwa nini hamkuniambia. Sina jibu. Kama unaye wa hivyo, mteue mtu mmoja anayejua ishara akae naye muda wote, kazi yake iwe hiyo tu.

Mama Pacha: Kaka hapo umenigusa. Naongezea, wangu tulimwonyesha picha ya kaburi kabla, tukamuuliza anataka kwenda, akakubali, na mjomba alikuwa tayari kumtoa kelele zikizidi. Alikaa mpaka mwisho.

Mwenye uzi: Nawashukuru, nimesoma nalia. Ticha nimefanya, nimebandika picha ya baba yake pembeni ya mlango, chini yake picha ya beseni la kuoga. Siku tatu za kwanza hakuiangalia kabisa. Leo kasimama vilevile, akaibandua, akaenda nayo bafuni.