Naomba ushauri: friji ya chanjo na mgonjwa wa parvo kwenye fremu ya vyumba viwili

Wakuu, salaam. Nafungua kliniki ya mbwa Tabata. Usajili wa Baraza la Veterinari unaendelea, hilo halinisumbui. Shida ni friji na parvo (ugonjwa wa kirusi unaoharisha mbwa damu, na huambukiza sana).

Chanjo zinatakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8. Ya kichaa cha mbwa ikiganda ni ya kutupa, hata kama ikiyeyuka inaonekana nzima. Kwa hiyo hazikai mlangoni wala hazigusi ukuta wa nyuma, na nafasi tupu nitajaza chupa za maji ili baridi idumu umeme ukikatika. Sasa, inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri) ya wati ngapi inahimili ule mshtuko wa kompresa kuwaka? Mafundi wawili, majibu mawili: 1,000 na 2,000.

Parvo ndiyo inayoniumiza kichwa hasa. Kirusi hukaa sakafuni miezi, na dawa nyingi zenye harufu nzuri hazikigusi. Utaratibu wangu: kuosha kinyesi kwa sabuni kwanza, maana jiki juu ya uchafu huishiwa nguvu, halafu jiki ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa maji 20, sakafu ibaki imelowa dakika 10. Lakini mlango ni mmoja! Kitoto cha wiki 8 kinachofuata chanjo ya kwanza kitapishana na mbwa anayehara damu. Nimpime mgonjwa ndani ya gari huko nje, au nitoboe mlango wa nyuma? (Mwenye nyumba mgumu.) Na saruji yenye nyufa niifunike kwa vigae au rangi ya epoksi?